Mkaguzi Hayupo Usiku: Biashara ya Chakula na Sheria za Majimbo ya Marekani

Mwanzoni mwa mwaka 1993, mamia ya watu katika jimbo la Washington na majimbo mengine matatu ya magharibi mwa Marekani waliugua baada ya kula hambaga katika matawi ya mgahawa wa Jack in the Box. Nyama ilikuwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Wagonjwa walizidi 700, na watoto wanne walifariki. Vifo hivyo ndivyo vinavyokumbukwa zaidi, na inastahili viwe hivyo, lakini kwa mtu anayefanya biashara ya chakula kuna jambo jingine katika mkasa huo la kusomwa polepole. Mwongozo wa serikali ya shirikisho wakati huo uliridhika na nyama ya kusaga iliyofikia nyuzi joto 140 za Farenhaiti, yaani 60 za Selsiasi, katikati ya kipande. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kupandisha kiwango hicho hadi nyuzi 155, ambazo ni 68 za Selsiasi. Mgahawa ulipika kwa kiwango cha shirikisho. Kiwango hicho hakikuwa utetezi mbele ya sheria ya jimbo, na hakikutosha kuua bakteria waliokuwa ndani ya nyama.

Nimeanza na mkasa huo kwa sababu mazungumzo ya wafanyabiashara wa chakula, hasa wale walio wageni katika soko la Marekani, huelemea upande mmoja. Yanahusu ada za vibali, idadi ya sinki, aina ya sakafu na ukali wa mkaguzi. Yote hayo yapo na yanagharimu. Hata hivyo, sheria za usalama wa chakula za majimbo zina sehemu mbili zisizofanana. Ipo sehemu ya jengo na makaratasi, ambayo mfanyabiashara huimaliza kwa fedha na kwa kusoma kabla ya kujenga. Ipo pia sehemu ya mwenendo wa jikoni, ambayo haimaliziki, na ambayo kwa kiasi kikubwa hufanyika mkaguzi akiwa hayupo. Sehemu hii ya pili ndiyo inayofanya watu waugue ikipuuzwa, ilhali malalamiko mengi, pamoja na fedha nyingi, huishia kwenye ile ya kwanza.

Msingi wa sheria zenyewe ni huu. Chakula kinachouzwa moja kwa moja kwa mlaji, iwe mgahawani, dukani au kwenye gari la kuuzia chakula, husimamiwa na jimbo, na mara nyingi jimbo nalo huikabidhi kazi hiyo kaunti au jiji. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya shirikisho, FDA, huandika kielelezo kinachoitwa Kanuni za Chakula, ambacho toleo lake la kwanza kwa jina hilo lilitoka mwaka 1993. Kielelezo hicho hakiwi sheria mpaka jimbo likipitishe, na kila jimbo hukipitisha kwa wakati wake, likipunguza hapa na kuongeza pale. Ndiyo maana miji miwili inayotenganishwa na mto tu inaweza kuwa inafuata matoleo mawili tofauti. Toleo la mwaka 2022, kwa mfano, lilishusha kiwango cha joto la maji ya kunawia mikono kutoka nyuzi 38 za Selsiasi hadi nyuzi 29.4. Ni badiliko dogo, lakini mwenye mgahawa aliyeweka mtambo wa kuchemshia maji kwa kufuata toleo hilo, katika jimbo ambalo bado linashika toleo la zamani, atakutwa na kosa. California haikuchukua kielelezo hicho kama kilivyo. Ina kanuni zake za chakula cha rejareja ndani ya sheria zake za afya. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya FDA na kuamini amesoma sheria ya jimbo lake bado hajaisoma.

Baada ya toleo linakuja swali la idara, na hapa wengi hupotea. Florida ni mfano mzuri wa mgawanyo unaoonekana wa ajabu mpaka mtu aelezwe. Mgahawa huko uko chini ya idara ya usimamizi wa biashara na taaluma, duka la vyakula liko chini ya idara ya kilimo, na jiko la shule huangaliwa na idara ya afya. Gari linalopika na kuuza chakula hupewa leseni na idara ya kwanza, lakini gari linalouza vyakula vilivyokwisha kufungashwa huenda kwa ya pili. Georgia nayo hugawa kazi kati ya idara ya afya ya umma, inayoshika migahawa, na idara ya kilimo, inayoshika maduka ya vyakula na viwanda. Mtu anayepika vitafunwa, akauza vingine mezani na vingine vikiwa kwenye pakiti za kupelekwa kwenye maduka ya watu wengine, anaweza kujikuta ana kazi mbili mbele ya idara mbili ingawa jiko ni moja na unga ni uleule. Ushauri wangu hapa ni mkavu: kabla ya kusaini mkataba wa pango, mfanyabiashara aandike katika ukurasa mmoja anauza nini, kwa nani, kikiwa cha moto au baridi, kikiwa kimefungwa au wazi, kisha aupeleke ukurasa huo kwa idara na kuomba jibu la maandishi. Swali la jumla kuhusu mahitaji ya kufungua mgahawa hupata jibu la jumla.

Nyama ina sheria zake. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1967, jimbo linaruhusiwa kuendesha ukaguzi wake wa nyama mradi usipungue ule wa wizara ya kilimo ya shirikisho, na zaidi ya nusu ya majimbo yana mipango hiyo. Lakini soseji iliyotengenezwa chini ya ukaguzi wa jimbo kwa kawaida hairuhusiwi kuuzwa nje ya mpaka wa jimbo hilo, isipokuwa kiwanda kiwe kimeingia katika mpango maalumu wa ushirikiano na shirikisho. Mwenye biashara anayepanga kukua na kuuza kwa jirani anapaswa kulijua hilo wakati bado anachagua mashine, kwa kuwa kubadili aina ya ukaguzi baadaye kunaweza kumaanisha kubadili jengo.

Kuhusu jengo lenyewe sina mengi. Majimbo hutaka michoro ipitishwe kabla ya ujenzi au ukarabati, na michoro hiyo huonyesha sinki la kunawia mikono lilipo, sinki la sehemu tatu la kuosha, kusuuza na kutakasa vyombo, mahali maji machafu yanapotokea, na jinsi nyama mbichi inavyotengwa na chakula kisichopikwa tena. Anayejenga kwanza na kuomba baadaye huvunja ukuta mpya. Ni hasara ya kijinga, na ndiyo hasara inayoweza kuepukwa kwa urahisi kuliko zote katika biashara hii.

Sehemu inayonishughulisha zaidi ni ya joto na muda. Kanuni za Chakula zinataka chakula kinachoweza kuotesha bakteria kikae ama katika nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, ama katika nyuzi 57 au zaidi. Nyama ya kuku ifike nyuzi 74, nyama ya kusaga nyuzi 68, samaki nyuzi 63. Namba hizi hufundishwa, hubandikwa ukutani na huulizwa kwenye mtihani wa cheti cha msimamizi wa usalama wa chakula, na wapishi wengi huzifahamu. Namba zinazosahaulika ni za upande wa pili, za chakula kinapoteremka kutoka motoni. Sheria inataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike nyuzi 5 kabla saa sita hazijatimia tangu kuanza kupoa.

Chukua sufuria moja ya lita 40 yenye mchuzi mzito wa nyama na maharagwe. Mgahawa unafunga saa 4 usiku. Mpishi amesimama tangu mchana, anafunika sufuria, anaisukuma ndani ya chumba cha baridi na kuzima taa. Hewa ya chumba hicho ni nyuzi 3, kwa hiyo mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini mchuzi mzito hupitisha joto polepole, chuma cha sufuria kinapoa wakati katikati hakujabadilika sana, na kifuniko kinazuia mvuke kutoka. Alfajiri kingo zitakuwa baridi na katikati kutakuwa bado na uvuguvugu. Katika uvuguvugu huo yumo Clostridium perfringens, bakteria ambaye spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hustahimili kuchemka na huamka hasa chakula kinapopoa. Akiwa katika joto la nyuzi 43 hadi 47 anaweza kuongezeka maradufu kwa takribani kila dakika kumi. Moto wa jioni ulimwondolea washindani, na usiku ukampa muda.

Asubuhi sufuria inaendelea kupoa. Mkaguzi akifika saa 5 mchana na kuchovya kipimajoto, huenda akasoma nyuzi 5 kamili na kuandika kwamba chakula kiko sawa. Hajadanganywa na mtu. Sheria ilivunjwa usiku na haikuacha alama. Mchuzi huo ukipashwa moto upya hadi nyuzi 74 kama inavyotakiwa, bakteria walioota watakufa na pengine hakuna atakayeugua. Ukiwekwa tu kwenye meza ya moto mpaka uwe wa kulika, kundi zima la waalikwa wa harusi litashikwa na tumbo usiku unaofuata, na kila mtu atasema ni kuku.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mchuzi humiminwa kwenye trei pana zenye kina cha vidole vichache, huachwa bila kufunikwa kabisa mpaka upoe, au sufuria hukalishwa kwenye sinki lililojaa barafu huku ikikorogwa. Kinachogharimu ni nusu saa ya mtu mwishoni mwa zamu, mtu ambaye tayari amechoka na ambaye mwenye biashara anatamani aondoke ili saa za malipo zisizidi. Hapo ndipo sheria ya jimbo inapotimizwa au kuvunjwa, katika uamuzi wa nani analipwa dakika 30 za kupoza chakula. Mmiliki aliyetumia maelfu ya dola kwa meza za chuma kisichoshika kutu na asiyetaka kulipa dakika hizo hajatimiza sheria, hata kama cheti chake kimeningʼinia mlangoni.

Kwa sababu hiyo naona daftari la joto kuwa chombo muhimu kuliko mashine nyingi za jikoni, ingawa katika majimbo mengi halilazimishwi kwa kila mgahawa. Wapo wanaolijaza lote mwisho wa wiki kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila siku nyuzi 4, na mkaguzi yeyote mwenye uzoefu hulitambua daftari la namna hiyo kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Daftari la kweli lina siku mbaya ndani yake. Lina mahali palipoandikwa kwamba saa 6 usiku mchuzi ulikuwa nyuzi 30, ukarudishwa motoni au ukamwagwa, pamoja na jina la aliyeamua. Baadhi ya njia za kutayarisha chakula, kama vile kukifunga kwenye mifuko isiyo na hewa au kukausha nyama kwa chumvi za kuhifadhia, hulazimu mpango wa maandishi wa kutambua hatari na kuidhibiti, na kwa baadhi yake kibali maalumu cha jimbo. Mgahawa mdogo ulionunua mashine ya kufungia mifuko kwa sababu mpishi mpya aliipenda unaweza kuwa umeingia katika daraja jingine la sheria bila kujua.

Kama hali ni hiyo, ukaguzi unathibitisha nini? Kaunti ya Los Angeles ilianza kubandika alama za A, B na C kwenye milango ya migahawa mwaka 1998, baada ya kituo cha televisheni kuonyesha picha zilizochukuliwa kwa siri jikoni. Jiji la New York likafuata mwaka 2010, na huko mgahawa wenye pointi za makosa 0 hadi 13 hupata A. Siupingi utaratibu huo. Unawapa wamiliki sababu ya kuogopa, na hofu ya kupoteza wateja husafisha majiko ambayo faini haikuyasafisha. Lakini alama ni picha ya saa moja, na pointi hujumlisha mambo yasiyo na uzito sawa. Kanuni za Chakula zenyewe hutenganisha makosa ya kipaumbele, yanayogusa hatari moja kwa moja, na makosa ya kawaida kama taa isiyo na kinga. Mmiliki mwenye busara husoma ripoti yake kwa mpangilio huo na haanzi na kosa lililo rahisi kurekebisha.

Kisa kinachopaswa kumwondolea mtu imani ya kupita kiasi katika karatasi ni cha Peanut Corporation of America. Kati ya mwaka 2008 na 2009, siagi na bidhaa za karanga kutoka kampuni hiyo zilisambaza bakteria wa Salmonella katika majimbo zaidi ya 40, watu zaidi ya 700 walithibitishwa kuugua na tisa walifariki. Kiwanda chake cha Blakely, Georgia, kilikuwa kikikaguliwa na wakaguzi wa jimbo kwa mkataba na FDA. Kilikuwa pia na ripoti nzuri sana kutoka kwa wakaguzi binafsi waliolipwa na kampuni yenyewe. Wakati huohuo, vipimo vya maabara vilivyoonyesha Salmonella vilikuwa ndani ya kampuni, na mzigo ukasafirishwa. Kiwanda chake kingine, cha Plainview, Texas, kilifanya kazi kwa miaka kadhaa bila leseni ya jimbo na bila kukaguliwa. Mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2015. Kisa hiki kilisaidia kuzaa sheria mpya ya shirikisho ya usalama wa chakula iliyosainiwa Januari 2011, ambayo inawataka wenye viwanda wazuie hatari kabla haijatokea na kuweka kumbukumbu za kuthibitisha hilo. Katika Georgia karatasi zilikuwapo na hazikusaidia. Katika Texas hazikuwapo, na jimbo lenyewe halikugundua.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inaongeza mzigo kwa wadogo, ambao hawana mwanasheria wala idara ya ubora. Hoja yao ina ukweli. Ada ya kibali, kozi ya cheti na pango la jiko lililoidhinishwa humwumiza anayeuza keki 20 kwa wiki kuliko anavyoumia mwenye matawi 20. Ndiyo maana majimbo yameruhusu vyakula vya kutengenezwa nyumbani, yakiweka mipaka ya aina ya chakula, ya mapato na ya mahali pa kuuzia. New Jersey lilikuwa jimbo la mwisho kufungua mlango huo, mwaka 2021. Wyoming lilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa sheria iliyoondoa leseni na ukaguzi kwa vyakula vingi vinavyouzwa moja kwa moja na mtengenezaji kwa mlaji.

Mimi naunga mkono ruhusa hiyo kwa mkate, biskuti na jemu, na sababu yangu haihusu ukubwa wa biashara. Jemu ina asidi na sukari ya kutosha kuwanyima bakteria nafasi. Biskuti haina maji wanayoyahitaji. Wataalamu hupima mambo haya kwa namba, hasa kipimo cha asidi (pH) cha 4.6, ambacho namba yake ikishuka asidi huzidi, na kiwango cha maji huru cha 0.85, na chakula kilicho chini ya mojawapo ya mipaka hiyo hakihitaji jokofu ili kiwe salama. Hiyo ni hoja ya hatari. Lakini inapobadilika na kuwa hoja ya udogo, kwamba maziwa mabichi au nyama yaachwe kwa kuwa muuzaji ni jirani mwema, mantiki inakatika. Bakteria hajui kama ndoo imetoka kwa ngʼombe mmoja au mia. Sheria ipungue pale hatari inapopungua, na pale hatari inapobaki basi jimbo limsaidie mdogo kwa ada ndogo, mafunzo ya lugha anayoielewa na mkaguzi anayeeleza kabla ya kuadhibu.

Majimbo nayo hukosea, tena kwa namna ambayo wafanyabiashara wana haki ya kuilalamikia. Januari 2014 California ilianza kutekeleza katazo la kugusa kwa mikono mitupu chakula kisichopikwa tena. Wapishi wa sushi na wahudumu wa baa walipinga, na kabla mwaka haujafika mwisho bunge lililolipitisha katazo hilo lilikuwa limelifuta. Sidhani kwamba wazo lilikuwa baya, kwani majimbo mengi yanalo hadi leo. Lililokosekana ni kuuliza mapema mkono unafanya nini katika kazi ya kila aina. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2021 kuhusu ufuta ilileta matokeo ya ajabu zaidi. Iliufanya ufuta kuwa kizio cha tisa, yaani kitu kinachoamsha mzio, kinachopaswa kutajwa kwenye lebo kuanzia Januari 1, 2023, na baadhi ya waokaji mikate, badala ya kusafisha mitambo ili ufuta usiingie mahali usipotakiwa, waliamua kuongeza unga wa ufuta kwenye mikate isiyokuwa nao na kuuandika. Lebo ikawa sahihi, na mtu mwenye mzio akapoteza mkate aliokuwa akila. Kila mwandishi wa kanuni angepaswa kukaa na mfano huo kwa muda kabla ya kushika kalamu.

Nimeacha mwisho kanuni ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote kutimizwa. Mfanyakazi anayetapika au kuharisha haruhusiwi kuwa jikoni, na kwa kawaida hawezi kurudi mpaka saa 24 zipite tangu dalili ziishe. Sababu kuu ni norovirusi, kirusi kinachoongoza katika milipuko ya magonjwa yanayotokana na chakula nchini Marekani. Chembe chache sana zinatosha kuambukiza, vitakasa mikono vya pombe havikiwezi vizuri, na klorini ya kiwango cha kawaida cha kutakasia meza ni hafifu mno kwa matapishi, ambayo huhitaji mchanganyiko mkali mara nyingi zaidi. Ripoti ya Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, iliyotoka mwaka 2023 na kuchunguza milipuko ya kati ya 2017 na 2019, ilionyesha kwamba katika takribani asilimia 40 ya milipuko ambayo chanzo chake kilijulikana, mfanyakazi mgonjwa alikuwa sehemu ya chanzo hicho. Karibu mameneja wote waliohojiwa walisema wana sera ya kumtaka mfanyakazi atoe taarifa akiugua. Chini ya nusu walisema biashara yao inatoa likizo ya ugonjwa yenye malipo.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni mshahara. Mwosha vyombo anayelipwa kwa saa, ambaye kodi ya nyumba yake inadaiwa Ijumaa, ameambiwa na sheria ya jimbo akae nyumbani na hajaambiwa atakula nini. Sheria ya shirikisho haimlazimu mwajiri kumlipa. Connecticut lilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa baadhi ya wafanyakazi, kwa sheria ya mwaka 2011, na majimbo kadhaa yamefuata, lakini mengi hayajafika huko. Katika majimbo hayo meneja hapati taarifa ya kuugua. Anapata mtu aliyemeza dawa ya kuzuia kuhara na kuja kazini akisema yuko sawa. Jumamosi jioni, wateja wakiwa wamejaa, meneja naye hana hamu ya kuuliza swali la pili.

Biashara inayotaka kutimiza sheria kwa dhati inaweza kulipa siku hizo hata kama jimbo halijadai, na ikipiga hesabu itakuta siku mbili za mwosha vyombo ni ndogo kuliko wiki moja ya milango kufungwa. Lakini si haki kuliacha jambo hili kwenye hisani ya mmiliki. Jimbo linalotoza ada ya kibali, linalopitisha michoro na kupima joto la maji ya bomba, lina uwezo wa kuongeza maswali mawili kwenye fomu ya ukaguzi: ni nani aliyerudishwa nyumbani kwa ugonjwa mara ya mwisho, na je, alilipwa? Mgahawa wenye wafanyakazi 15 usio na hata jina moja la kutaja kwa mwaka mzima ungepaswa kumfanya mkaguzi avute kiti, akae, na azungumze na wafanyakazi wenyewe, meneja akiwa nje.